Kiingereza: “the person I spoke to” au “the person to whom I spoke”? Tuzungumze kuhusu kihusishi na urasmi

#1 – MLETA UZI

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni kuhariri Kiingereza cha watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili: barua za maombi ya kazi, ripoti za ofisini, tasnifu. Kila wiki nakutana na jambo lilelile, na linaniuma kwa sababu anayekosea huwa si mvivu. Ni mtu aliyejitahidi mno. Ameogopa kumaliza kishazi kwa “to” au “for” au “with”, akakivuta kihusishi mbele kwa nguvu, na katika kukivuta akaivunja sentensi iliyokuwa nzima.

Tuanze na kitu chenyewe. Unataka kusema “mtu niliyezungumza naye”. Kiingereza kinakupa milango mitano:

the person to whom I spoke
the person whom I spoke to
the person who I spoke to
the person that I spoke to
the person I spoke to

Yote inaingia nyumba moja. Maana haibadiliki hata chembe, kinachobadilika ni urasmi. Mlango wa kwanza ni wa hati, mikataba na maandishi ya kitaaluma. Wa mwisho ni wa mazungumzo, ujumbe wa simu na barua pepe kwa mtu mliyezoeana. Wa tatu na wa nne ni wa kawaida, unapita nao karibu popote. Unaonisumbua ni wa pili: “whom” imevaa suti, halafu ile “to” iliyobaki nyuma imevaa kandambili. Si kosa la sarufi, ila msomaji anapewa ishara mbili zinazovutana. Ukishaamua “whom”, kipeleke kihusishi mbele kabisa. Ukishaamua kukiacha nyuma, tumia “who” au “that”, au usiweke kitu.

Kuna sharti moja ambalo si la urasmi bali la sarufi yenyewe. Kihusishi kikienda mbele kinakubali kukaa na “whom”, “which” na “whose” tu. Na “that” hakikai kamwe: “the house in that I live” si Kiingereza cha mtu yeyote. Na nafasi tupu hakikai. “The person to who I spoke” utaisikia mara mojamoja mdomoni, lakini kwenye karatasi itahesabiwa kosa. Kwa hiyo ukiandika “the house that I live in” au “the house I live in”, mwishoni ndipo mahali pekee kihusishi kinapoweza kukaa. Anayekukataza hapo amekukataza pia “that” na nafasi tupu katika vishazi vya namna hii, pengine bila kujua.

Sasa kwa nini sisi tunajikwaa hapa? Naamini jibu liko kwenye Kiswahili chenyewe, ndiyo maana uzi nauandika kwa Kiswahili.

Kiswahili hakiachi kihusishi kikining'inia. Mara nyingi kinakimeza ndani ya kitenzi. “Kaa” inakuwa “kalia”, tunasema kiti nilichokalia. “Zungumza” inakuwa “zungumzia”, tunasema jambo ninalolizungumzia. “Kata” inakuwa “katia”, kisu nilichokatia mkate. Vitenzi vingine havihitaji hata mnyambuliko: rafiki ninayemtegemea, gari ninalolisubiri. Mtu aliyelelewa na sarufi hii akihamia Kiingereza hana mazoea ya kutafuta kihusishi, maana kwake kiko tumboni mwa kitenzi. Ndipo zinapotoka “the chair which I sat”, “the issue I am talking”, “a friend whom I rely”. Kihusishi kimepotea njiani. Inatakiwa “the chair I sat on”, “the issue I am talking about”, “a friend I rely on”.

Pengine Kiswahili kinakifunga pamoja na kiwakilishi: naye, nacho, nazo, kwake. Mtu ambaye nilizungumza naye. Kwetu hiyo “naye” ni lazima, maana “mtu ambaye nilizungumza na” haisemeki. Ukiihamisha neno kwa neno unapata “the person whom I spoke with him”. Kiingereza hakimtaki huyo “him”, kwa kuwa nafasi yake imeshachukuliwa na “whom”. Kinataka “with” ibaki peke yake, na kwetu upweke huo unasikika kama sentensi iliyokatwa mkia. Nadhani hofu yetu inaanzia hapo, kabla hata mwalimu hajasema neno.

Halafu kuna -po, -ko na -mo. Nyumba ninamoishi. Mtu anaandika “the house which I live” akidhani “which” imebeba ile “mo”. Haikubeba. “Where” ndiyo inayobeba, kwa hiyo “the house where I live” iko sawa bila “in”. “Which” haina mahali ndani yake.

Makosa ya kweli basi ni mawili: kukidondosha kihusishi, na kukitia mara mbili kama katika “the house in which I live in”. Kukiacha mwishoni hakumo. Karibuni tujadili.

#2 – NUKTA MKATO

Mkuu, uzi mzuri ila nimeshtuka. Mimi tangu sekondari nimekatwa alama kwa kumaliza sentensi na kihusishi. Mwalimu alikuwa mkali hasa katika hilo, na nilimheshimu. Hadi leo nikiandika “the company I work for” mkono unarudi kufuta. Unataka kusema miaka yote ile alikuwa anakosea? Na hiyo kanuni ilitoka wapi basi? Haiwezekani imezuka tu.

#3 – MPEKUZI WA KAMUSI

Nukta Mkato, haikuzuka tu. Ina mwanzo unaojulikana, ngoja nieleze maana hili nimelifuatilia kwa muda mrefu.

Mwaka 1672 mshairi Mwingereza John Dryden aliandika insha ya kuwakosoa watunzi wa kizazi kilichomtangulia. Akamshika Ben Jonson kwa mstari unaoishia na “from”. Akasema kihusishi mwishoni ni kosa la mara kwa mara la Jonson, na akakiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameligundua karibuni katika maandishi yake. Sababu hakutoa. Lakini mwaka 1679 aliandika kwamba akiwa na shaka na Kiingereza chake hukigeuza kuwa Kilatini ili akipime. Kilatini hakiachi kihusishi nyuma ya kishazi. Hata jina lenyewe la Kilatini la kihusishi lina maana ya kitu kinachowekwa mbele. Na Dryden alikuwa mtu wa kutenda anachosema: insha yake kuhusu tamthilia iliyotoka mwaka 1668, alipoichapisha upya mwaka 1684 aliipitia akivihamisha vihusishi vya mwishoni.

Mtu wa pili ni Robert Lowth, askofu, aliyetoa kitabu cha sarufi mwaka 1762. Watu wengi wanamtaja kama ndiye aliyepiga marufuku, na hapo wanamwonea. Alichosema ni kwamba Kiingereza kina mwelekeo mkubwa wa kukiweka kihusishi mwishoni, kwamba ndivyo watu wanavyozungumza, na kwamba inafaa katika mtindo wa kawaida wa kuandika. Kukiweka mbele, akasema, kunapendeza zaidi, kunaeleweka zaidi, na kunafaa mtindo mzito. Tazama vizuri: hiyo si kanuni ya sahihi na kosa. Ni kanuni ya urasmi, jambo lilelile mleta uzi analosema leo. Na sentensi ambayo Lowth alitumia kueleza mwelekeo huo ina kishazi kinachoishia na “to”. Waliokuja baadaye ndio walioondoa “inafaa hapa, haifai pale” wakabakiza “usifanye”. Ilipofika mwaka 1926, Fowler, mtunzi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, alilazimika kuandika kwamba katazo hilo ni ushirikina ambao watu wanaukumbatia.

Lakini naomba mnivumilie nirudi nyuma zaidi, maana hapa ndipo penye utamu. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na virejeshi (maneno yanayorejelea jina lililotangulia, kama “which” na “that” za leo) vya aina mbili. Kimoja kilibadilika umbo kufuata jinsia na uhusika, na hicho kilitanguliwa na kihusishi. Kingine hakikubadilika kabisa, kilifanya kazi kama “that” ya leo, na hicho kiliacha kihusishi nyuma karibu na kitenzi. “Which” na “whom” kama virejeshi zilikuja baadaye, katika Kiingereza cha kati, na mwanzoni zilionekana sana baada ya vihusishi, katika maandishi yaliyokaa karibu na Kilatini na Kifaransa. Kwa hiyo “the house that I live in” ndiyo mwenyeji wa zamani, na “the house in which I live” iliingia kupitia kalamu za wasomi. Harufu ya urasmi inayosikika kwenye “in which” ilizaliwa nayo, hakuna aliyeipaka juu.

Kuhusu kutia mara mbili: hata Shakespeare alifanya. Katika tamthilia ya “As You Like It” mtawala mmoja anazungumzia “the scene wherein we play in”. Enzi zile ilipita. Leo usijaribu.

#4 – NUKTA MKATO

Asante sana mkuu. Basi mwalimu wangu alinifundisha nusu ya Lowth. Hili limenitua mzigo.

#5 – NAANDIKA UPYA

Wadau naomba msaada wa vitendo. Niko kwenye kutafuta kazi. Barua yangu inasema “the position that I am applying for”. Rafiki akaniambia inaonekana ya kihuni, niandike “the position for which I am applying”. Mwingine akaniambia hiyo ya pili ni ya kizamani. Naandika ipi? Na katika barua hiyohiyo nina sentensi nyingine: “I would like to return to the matter about which we discussed during the interview”. Naona hiyo angalau iko rasmi.

#6 – MLETA UZI

Naandika Upya, umeleta mambo mawili na la pili ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa hiyo nitakaa nalo.

La kwanza kwa ufupi: zote mbili ni sahihi na hakuna ya kihuni. Barua ya maombi kwa mtu usiyemjua, “the position for which I am applying” inakaa vizuri. Ukishaitwa, mkaandikiana mara tatu kwa majina ya kwanza, “the position I am applying for” ndiyo inayosikika kama mtu. Angalia barua nzima. Kama sehemu nyingine umeandika “I'm” na “don't”, hiyo “for which” itasimama peke yake kama mgeni aliyekosea mlango.

La pili. “The matter about which we discussed” ni kosa, na halihusiani na urasmi. “Discuss” haichukui “about”. Tunasema “we discussed the matter”, basi. Sasa “about” imetoka wapi? Imetoka kwenye hofu. Mwandishi ameona hapa panahitaji uzito, akakumbuka kwamba uzito ni kihusishi pamoja na “which”, akachukua kihusishi cha karibu akakipachika. Nayaona haya kila siku:

“the documents for which you requested”
“the challenges to which we are facing”
“the point on which he emphasised”
“the town in which I visited”

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachostahili kuwapo. Tunasema “you requested the documents”, “we are facing challenges”, “he emphasised the point”, “I visited the town”. Sentensi hizi zingekuwa salama salimini kama mwandishi angeacha kuzivalisha. “The documents you requested” ni maneno manne, ni safi, na inafaa hata barua ya waziri kwa waziri.

Ndipo linapokuja jaribio ninalowapa wote ninaowahariria. Kabla hujakiweka kihusishi popote, ling'oe lile jina na ulirudishe ndani ya kishazi, lisimame kama sentensi kamili. “I live ... the house.” Inadai “in”? Inadai. Basi “in” lazima iwepo mahali fulani, mbele au nyuma, mara moja tu. “We discussed ... the matter.” Inadai kitu? Haidai. Basi usiongeze. Jaribio linachukua sekunde tano na linatibu makosa yote matatu kwa pamoja: kudondosha, kurudia na kubandika.

Na kuna kubandika kwa namna nyingine, pale “in which” inapotumika kama gundi ya kuunganisha sentensi. “The company introduced a new system, in which it has reduced delays.” Jaribu kurudisha: “it has reduced delays in the system”? Mwandishi hakukusudia hivyo, mfumo ndio uliopunguza ucheleweshaji. Alihitaji “which has reduced delays” tu. “In which” imekuwa pambo, na kwenye tasnifu nimewahi kuikuta mara nne katika ukurasa mmoja, zote hazina kazi.

Kwa barua yako: “I would like to return to the matter we discussed during the interview.” Na kama unataka kihusishi kweli kweli, badili kitenzi: “the matter about which we spoke”. Hiyo ni sahihi na ni rasmi. Ila mimi ningechukua ya kwanza. Mara nyingi njia bora ya kumaliza ugomvi wa kihusishi ni kuchagua kitenzi kisichokihitaji.

#7 – CHAKI NA UBAO

Nafundisha Kiingereza, nimeufuata uzi huu kwa furaha. Wanafunzi wangu wakishajifunza kupeleka kihusishi mbele, wanapeleka kila kitu. Nimesahihisha “the word up which I looked”. Nimesahihisha “the children after whom she looks”. La kwanza najua ni kosa, na sababu naweza kueleza. La pili ndilo linanipa tabu. “After” si kihusishi? Kwa nini inasikika vibaya?

Kwa wasiojua, jambo hili la kupeleka kihusishi mbele lina jina la kupendeza kwa wanaisimu: “pied-piping”. Katika tasnifu yake ya mwaka 1967 John Robert Ross alilifananisha na yule mpiga zumari wa Hamelin wa kwenye ngano: kirejeshi kinatangulia mbele, na kihusishi kinakifuata nyuma kama panya walivyoifuata zumari. Wanafunzi wakisikia hivyo hawasahau tena.

#8 – MPEKUZI WA KAMUSI

Chaki na Ubao, ninavyolielewa mimi ni suala la gundi kati ya kitenzi na kile kineno.

“Look up” kwa maana ya kutafuta neno kwenye kamusi: unaweza kusema “look the word up”. Kineno kikiweza kuruka upande wa pili wa jina namna hiyo, si kihusishi hata kama kinafanana nacho, na hakiendi mbele kamwe. “Look the children after” haisemeki, kwa hiyo “after” ni kihusishi kweli. Lakini “look after” imeshakuwa kama neno moja lenye maana ya kulea, na ukiitenganisha, msomaji anapokutana na “after whom” anafikiria nani yuko nyuma ya nani. Sarufi haikatai sana, maana ndiyo inayoumia. Kwa “put up with” hali ni mbaya zaidi kwa kuwa viko viwili, acha vyote nyuma. “Look for” ina gundi nyepesi: “the book for which I was looking” inapita, ingawa ni ngumu kidogo.

Upande wa pili nao upo, ambako kurudi nyuma ndiko hakuwezekani. “The extent to which”, “the ease with which”, “the rate at which”, “the circumstances under which”, “the meeting during which”. Jaribu “the ease he solved it with” uone. Hapo kihusishi kimeletwa na jina lililotangulia au kinataja wakati na namna, hakidaiwi na kitenzi, kwa hiyo hakina mwenyeji wa kukaa naye huko nyuma. Vilevile “three reports, two of which were late” na “the students, most of whom had left”. Hizi hata mtu anayezungumza kwa ulegevu kabisa atazisema hivyohivyo. Wanafunzi wazikariri zikiwa nzima.

#9 – TARISHI

Swali dogo. “To whom it may concern” juu ya barua. Kama kihusishi kinaweza kurudi nyuma, kwa nini hakuna anayeandika “Who it may concern to”?

#10 – MLETA UZI

Tarishi, swali dogo lenye mzizi mrefu. Fanya lile jaribio: “it may concern ... him”. Hakuna “to”. “Concern” kwa maana ya kuhusu haichukui kihusishi. Hiyo “to” si ya kishazi, ni ya bahasha: barua inakwenda kwa, halafu ndiyo anatajwa anayepelekewa, yaani yeyote inayemhusu. Kwa kuwa iko nje ya kishazi, haina mahali pa kurudi ndani. Na “whom” iko pale kwa sababu ni mtendwa wa “concern”.

#11 – MFASIRI WA MIKATABA

Mleta uzi, nakubaliana na mengi lakini nitapinga jambo moja. Unaliweka hili kama suala la mavazi tu, suti na kandambili. Mimi nafasiri mikataba, na kwangu kihusishi cha mbele mara nyingi ni suala la msomaji kuelewa. Soma hii:

“the committee that the director of the programme we visited last year submitted the report to”

Msomaji amebeba ile kamati mkononi kuanzia neno la pili mpaka la mwisho bila kujua aiweke wapi. Ikifika “to”, ameshachoka. Linganisha:

“the committee to which the director of the programme we visited last year submitted the report”

Hapa “to which” inamwambia mapema kwamba kamati ni mpokeaji, aendelee akijua. Kishazi kikiwa kifupi haidhuru. Kikirefuka, kihusishi cha mwisho kinakuwa deni, na katika mkataba deni la namna hiyo linaweza kusomwa kwa njia mbili na mawakili wawili. Lowth alisema kinaeleweka zaidi kikiwa mbele, na katika sentensi ndefu naona alikuwa na haki.

Pia “whom” iliyo baada ya kihusishi usiihesabu pamoja na “whom” nyingine. Mwanzoni mwa swali watu wengi wameiacha, wanasema “Who did you see?” bila wasiwasi. Lakini “to whom”, “of whom”, “with whom” bado zinaishi, hata kwa watu ambao “whom” ya peke yake hawaitumii kabisa.

#12 – MLETA UZI

Mfasiri, nimeisoma sentensi yako mara tatu na nakubali. Urefu wa kishazi sikuutaja na nilipaswa kuutaja. Tena nikiangalia nyuma, sehemu nyingi ambako mimi mwenyewe huhamisha kihusishi mbele wakati wa kuhariri, sifanyi hivyo kwa ajili ya urasmi. Nafanya kwa sababu kimekaa mbali mno na jina lake.

Ila naomba niongeze upande wa pili wa hoja yako hiyohiyo. Katika mazungumzo vishazi ni vifupi, kwa hiyo kule sababu ya ueleweko haipo, inabaki sauti tu. Na sauti ya “the friend with whom I came” mezani ni baridi. Anayesikia anaweza kudhani umekasirika, au unaweka umbali kwa makusudi. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwenye vitabu hajui kwamba anasikika hivyo, na hakuna anayemwambia. Hilo nalo ni kosa la kimawasiliano, ingawa hakuna mwalimu anayelikatia alama.

Jambo jingine nililolisahau, nalipitia haraka. Kishazi kisicho na nafsi, kama “kiti cha kukalia”. “A chair to sit on” ndiyo ya kawaida, “a chair on which to sit” ndiyo rasmi, na katikati hakuna kitu: “a chair which to sit on” haipo. Wala “a chair to sit” haitoshi, ingawa kwetu “cha kukalia” imemaliza kila kitu.

#13 – CHAKI NA UBAO

Nimechukua “kalia” na “zungumzia” nikazipeleka darasani. Badala ya kuanza na “which”, niliwaambia wanafunzi watafute vitenzi vya Kiswahili vyenye kihusishi tumboni, kisha wakitoe nje kwa Kiingereza. Lilia: “cry for” au “cry over”. Chekea: “laugh at” au “smile at”. Andikia: “write with” kama ni kalamu, “write to” kama ni mtu, “write on” kama ni karatasi. Hiyo ya mwisho ilizua mjadala wa kipindi kizima, maana “kitu nilichoandikia” kwa Kiswahili hakisemi ni kalamu au ni karatasi mpaka ukitaje, na Kiingereza kinakulazimisha useme. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akasema: “Kumbe Kiingereza kinataka nikitaje kila mara.” Baada ya hapo “the chair which I sat” zimepungua sana kwenye madaftari.

#14 – NAANDIKA UPYA

Wakuu, nimeipitia barua yote kwa lile jaribio. Nilikuwa na “for which” tatu na “in which” mbili. Imebaki moja, “the position for which I am applying”, kwenye aya ya kwanza. Nyingine zilikuwa za kubandika. Kwenye aya ya mwisho nilikuwa nimeandika “the team with whom I look forward to working with”. Nilikuwa siioni kabisa, na niliisoma mara nyingi. Sasa ni “the team I look forward to working with”. Natuma leo jioni.

#15 – NUKTA MKATO

Kila la heri, mkuu. Mimi nami leo nimeandika “the company I work for” kwenye ripoti, na sikufuta.